Kabati la sandiblasti uani kwa fundi: lijazwe chembe gani?

SWALI: Mimi ni fundi wa pikipiki hapa Tanga. Nimepata kabati dogo la sandiblasti, yaani la kusafisha chuma kwa chembe zinazopulizwa kwa upepo, lile la kuingiza mikono kwenye glavu, na nimeliweka uani nyumbani. Kompresa yangu ni ya nguvu farasi 3, tangi lita 100. Nafufua pikipiki za zamani, hasa Honda CG125 na Yamaha DT, kwa hiyo kazi zangu ni kabureta, kichwa cha silinda na kava za injini za alumini, pamoja na stendi, pedali za breki na madigadi ya bati yenye kutu. Wenzangu wananishauri nichote mchanga wa ufukweni, niuoshe, niukaushe na kuuchekecha. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam anasema ninunue oksidi ya alumini, mwingine anasema chembe za kioo, na bei zao zimenitisha. Nijaze nini?

JIBU: Ndugu fundi, nianze na lile ambalo sina shaka nalo hata kidogo: mchanga usiingie kabisa ndani ya kabati lako, uwe wa ufukweni, wa mtoni au wa machimboni, uwe umeoshwa au haukuoshwa. Sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida ni silika ya fuwele, na ubaya wake haumo katika uchafu unaoweza kuoshwa bali umo katika punje yenyewe. Punje inapogonga chuma kwa kasi hupasuka, na vipande vyake vidogo kabisa, visivyofikia hata sehemu moja ya mia ya milimita, huelea hewani kwa saa nyingi bila kuonekana, huvutwa kwa pumzi hadi ndani kabisa ya mapafu na hubaki humo. Mapafu hujenga makovu kuvizunguka. Ugonjwa huo ni silikosisi. Hauna dawa ya kuuondoa, na aliye nao hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi kuliko mtu mwingine. Hapa Tanzania hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi, kwa sababu wachimbaji wa tanzanite wa Mirerani wameugua silikosisi na kifua kikuu kwa pamoja, na Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imekuwa ikiwapokea.

Ni kweli kwamba kazi hii ilianza kwa mchanga. Benjamin Chew Tilghman wa Philadelphia alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kazi hii mwaka 1870, na kwa miongo mingi hakuna aliyetumia kingine kwa wingi. Lakini Uingereza ilipiga marufuku mchanga wenye silika katika kazi hii kwa kanuni za mwaka 1949, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilipendekeza marufuku kama hiyo mwaka 1974, na mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Uturuki iliupiga marufuku mchanga huo katika kazi ya nguo mwaka 2009 baada ya vijana waliokuwa wakipauza suruali za jinzi kwa mchanga, wengi wao katika vyumba vidogo visivyo na hewa ya kutosha, kuanza kufa kwa silikosisi.

Huenda ukafikiri kwamba kabati lililofungwa linakulinda. Linapunguza vumbi, ndiyo, lakini kabati la bei nafuu huvuja kwenye mlango, kwenye shingo za glavu na kwenye kichujio, na wewe mwenyewe utafungua mlango huku vumbi likiwa bado limesimama ndani. Utamwaga chembe zilizochakaa, utapangusa kioo cha kutazamia, utakung'uta kichujio, na yote hayo yatafanyika uani, mahali nguo zinapoanikwa na watoto wanapocheza. Mchanga wa ufukweni una ubaya mwingine unaohusu kazi yenyewe, nao ni chumvi. Kiasi kidogo tu kinachobaki kwenye vishimo vya chuma kinatosha kuamsha kutu chini ya rangi mpya, na mteja atakurudishia stendi ikiwa na mapovu kabla ya msimu wa mvua kwisha.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Wauzaji wako wawili wote wamesema kweli, ila kila mmoja amejibu nusu ya swali lako, kwa sababu una metali mbili zinazotaka nyuso mbili tofauti. Kabla ya kuuliza ni chembe gani iliyo bora, jiulize unataka uso wa kitu ubaki vipi ukishakitoa ndani ya kabati. Chuma chenye kutu unataka kikwanguliwe hadi kiwe kijivu na kibaki na makwaruzo ya kushika praima, yaani rangi ya kwanza, ilhali alumini ya kabureta unataka isafishwe bila kuliwa, ibaki laini na yenye mng'ao uliotulia. Chembe yenye kona kali ni patasi ndogo, nayo huchimba; chembe ya duara ni nyundo ndogo, nayo hugonga na kulaza. Umbo hilo lina uzito mkubwa katika uamuzi wako kuliko ugumu ambao wauzaji hupenda kuusifia.

Kwa chuma chako, nunua oksidi ya alumini ya rangi ya kahawia. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, ambamo almasi ni 10, hii ni 9, wakati kioo kiko kati ya 5 na 6. Ina kona kali, na inapovunjika huvunjika kwa kutoa kona nyingine kali, kwa hiyo huendelea kukata mzunguko baada ya mzunguko hadi iwe ndogo mno. Suala linalobaki ni namba ya ukubwa. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo chembe inavyokuwa ndogo: namba 60 ina upana wa takriban robo ya milimita, namba 120 inakaribia sehemu moja ya kumi ya milimita. Mafundi wengi huchukua chembe kubwa kwa kuamini kwamba itafanya kazi haraka. Kwa kompresa yako haitakuwa hivyo, na hapa naomba unifuatilie taratibu.

Ukipunguza upana wa chembe kwa nusu, uzito wake hushuka hadi sehemu moja ya nane, na kilo ileile moja inakuwa na chembe mara nane zaidi. Chembe kubwa hugonga kwa nguvu, lakini ni chache, na zinahitaji upepo mwingi ili zipate kasi. Upepo ukiwa mdogo hutoka kwenye nozeli zikijikokota, zikagonga hapa na pale na kuacha madoa ya kutu katikati. Chembe ndogo hushika kasi upesi, hufunika uso wote na huingia kwenye vishimo ambavyo chembe kubwa haiwezi kuvifikia. Kompresa ya nguvu farasi 3 hutoa takriban lita 280 za hewa kwa dakika kwenye presha ya kazi, hata kama kibandiko chake kimeandikwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi namba ya kwenye kibandiko ni ya hewa inayovutwa na si ya inayotolewa. Jeti ya hewa iliyo ndani ya bunduki ya kupulizia chembe, yenye tundu la milimita 3.2, ambayo huja na makabati mengi, hutumia lita kama 570 kwa dakika kwenye presha ya psi 80. Huna hewa hiyo. Tangi lako litaisha punde, presha itaporomoka, na kompresa itazunguka bila kupumzika hadi kichwa chake kichemke. Ukiweka jeti ya milimita 2.4 na kufanya kazi kwenye psi 60, matumizi yanashuka hadi karibu lita 260, ambazo kompresa yako inaweza kuzimudu kwa vipindi vifupi vyenye mapumziko. Nozeli ya nje iwe na tundu lenye upana kama mara mbili ya jeti. Kwa mpangilio huo, oksidi namba 80 ndiyo ningeijaza kwa stendi na pedali, na namba 120 kwa vitu vidogo na vyembamba.

Ishike bunduki sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye chuma, kwa mshazari, usiielekeze wima. Ukiielekeza wima, chembe zinazorudi hugongana na zinazokwenda, nguvu nyingi hupotea, na kioo chako cha kutazamia huparwa hadi kiwe na ukungu. Kwa sababu hiyohiyo bandika karatasi ya plastiki angavu juu ya kioo kwa ndani na uibadilishe kila inapofifia. Angalia pia nozeli. Ile ya kauri huliwa haraka na oksidi, na tundu likipanuka, mvuto wa chembe hupungua ingawa presha kwenye geji haijabadilika. Mafundi wengi hulaumu chembe wakati kosa ni la nozeli. Ukipata ya boroni kabaidi itakugharimu zaidi mara moja, lakini itadumu sana.

Madigadi yanataka tahadhari ya pekee. Bati jembamba likipigwa upande mmoja kwa nguvu, uso wake hutanuka na bati zima hujikunja, na hakuna namna rahisi ya kulirudisha. Tumia namba 120, psi isiyozidi 40, mshazari mkubwa, na usikae mahali pamoja.

Kwa alumini, nunua chembe za duara za kioo zenye upana wa kati ya milimita 0.1 na 0.2. Pengine utajiuliza: kioo si hutengenezwa kwa mchanga? Ndiyo, lakini mchanga ukishayeyushwa na kuwa kioo, mpangilio wa fuwele unakuwa umevunjika, na vumbi la kioo halileti silikosisi kama lile la mchanga. Hata hivyo ni vumbi, nalo linawasha na halifai kuvutwa. Anza na psi 40 na usivuke 60, kwa kuwa chembe hizi hupasuka presha ikizidi, zikishapasuka zinakuwa na kona, na badala ya kulaza uso zinaanza kuukwaruza. Dalili yake utaiona mwenyewe: vumbi ndani ya kabati linaongezeka na alumini inatoka nyeupe isiyo na mng'ao. Chota kidogo kiganjani, tazama kwa lenzi ya kukuzia, na ukiona zilizovunjika zinakaribia kuwa nyingi kuliko zilizo mviringo, mwaga, jaza mpya.

Kwenye kabureta na kichwa cha silinda, chembe iliyo sahihi inaweza kuua injini ikiachwa mahali pasipo pake, na ndiyo maana nakaa zaidi hapa. Chembe moja ya kioo iliyobaki kwenye njia ya oili hutoka injini inapopata moto, husafiri hadi kwenye beringi au kwenye shafti na kuanza kuchimba. Toa jeti zote, sindano na boya la kabureta. Ziba kila tundu kwa bolti au kizibo cha mpira. Funika nyuso za gasketi kwa tabaka mbili tatu za mkanda mnene wa kitambaa, ambao chembe ndogo hudunda juu yake bila kuutoboa. Kwenye kichwa cha silinda, acha valvu za zamani na plagi kuukuu mahali pake unapopiga chumba cha mwako, ili viti vya valvu na nyuzi za plagi visiguswe, kisha fungua kila kitu na uoshe. Usipige ndani ya silinda, wala mahali beringi zinapokaa, wala ndani ya pampu ya breki. Kuosha kwenyewe kuwe kwa maji ya moto na sabuni, burashi nyembamba ipite katika kila njia, upepo ufuate, halafu urudie kazi yote tangu mwanzo, kwa sababu mara ya kwanza maji hugandisha chembe kwenye kona na ni mara ya pili ndipo zinapotoka. Kama kuna njia ya oili ambayo huwezi kuifungua na kuiona pande zote mbili, sehemu hiyo isiingie kabatini.

Usichanganye chembe hizi mbili, na usipige alumini kwa oksidi iliyokwisha kupiga chuma chenye kutu. Vipande vya chuma vilivyomo ndani yake hujichoma kwenye alumini, na baada ya wiki chache katika hewa ya pwani utaona vidoa vya kahawia ambavyo havifutiki. Vumbi la alumini likichanganyika na la kutu linaweza pia kuwaka kwa ukali likipata cheche, kwa hiyo safisha kabati lote unapobadilisha kazi, na uliunganishe na ardhi kwa waya, maana chembe kavu zinazopita kwenye mpira huzalisha umeme tuli. Kwa ajili hiyo pia, kitu kilichooshwa kwa petroli kisiingie kabatini kikiwa na mvuke. Ni bora utoe grisi kwa mafuta ya taa, kisha sabuni na maji ya moto, kisha ukaushe. Grisi ikiingia kwenye chembe, hugandana na mzigo wote huharibika.

Vitu vingine utakavyotajiwa nitavipitia kwa haraka. Ganeti ni nzuri kwa chuma, ina ugumu wa kati ya 7 na 8, na wenye mashine za kukata kwa maji huitumia, lakini huvunjika mapema kuliko oksidi. Silikoni kabaidi ni kali zaidi na ghali zaidi, na kwa pikipiki huihitaji. Chembe za chuma cha pua au cha kawaida ni nzito mno kwa bunduki ya kufyonza. Taka za kuyeyushia shaba, na zile za makaa ya mawe yaliyochomwa, huuzwa kwa bei ndogo kwa ajili ya meli na matangi. Baadhi yake zina berili na metali nyingine za sumu, usizilete nyumbani. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa hayaondoi kutu kabisa, ila yanafaa kutoa masizi kwenye alumini bila kuigusa, mradi yawe makavu. Bikaboneti ya soda huyeyuka kwenye maji na hivyo haiachi chembe ndani ya injini, lakini hutumika mara moja tu, huleta vumbi zito kabatini, na mabaki yake huzuia rangi kushika. Shanga za kioo za kunyunyizia kwenye rangi za barabarani, ambazo huenda mkandarasi akakupa gunia zima bure, ni kubwa mno kwa kazi yako, na baadhi zinazotokana na kioo kilichorejelezwa zimekutwa na risasi na aseniki.

Kuhusu bei, usilinganishe gunia kwa gunia. Mchanga huvunjika karibu wote mara ya kwanza, wakati oksidi hurudi kwenye bunduki mara nyingi sana, na kioo nacho hurudi vizuri ukidhibiti presha. Kabati dogo halihitaji zaidi ya kilo 8 hadi 10 kwa wakati mmoja. Ukilijaza kupita kiasi, bomba la kufyonza halipati hewa na bunduki hutema kwa vipindi. Gunia moja la kila aina, likigawanywa na wenzako wawili au watatu mnaofanya kazi za namna moja, litawapeleka mbali. Baada ya kila kazi kubwa pitisha chembe kwenye chekeche ili kuondoa magamba ya rangi na kutu, kisha zirudishe kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana.

Mfuniko huo ni wa lazima kwa sababu ya unyevu wa Tanga. Hewa ya pwani ikikandamizwa hutoa maji mengi, maji hushuka na mpira hadi kwenye bunduki, na chembe hugandana kama sukari iliyolowa. Mwaga maji ya tangi kila asubuhi na kila baada ya kazi ndefu. Weka kichujio cha maji karibu na kabati badala ya kukiweka kwenye kompresa, ukitanguliza mita kadhaa za bomba la chuma ili hewa ipoe kabla ya kukifikia. Chembe zikilowa, zitandaze juu ya bati juani hadi zikauke.

Vumbi linabaki kuwa adui hata bila mchanga, maana rangi za zamani mara nyingi zina risasi, na bolti nyingine zimepakwa kadimi. Kabati liunganishwe na mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio kizuri, ifanye kazi dakika kadhaa baada ya kuachia bunduki, ndipo ufungue mlango. Vaa barakoa ya mpira yenye vichujio vya daraja la P3 au P100. Kitambaa na barakoa ya hospitali havizuii kitu hapa. Usipulize nguo zako kwa upepo, zivue na uzifue peke yake.

Stendi ikishatoka kabatini ikiwa ya kijivu isiyo na doa, usiishike kwa mkono mtupu, kwa sababu jasho lina chumvi. Ipulize kwa upepo mkavu, iweke mahali palipo kavu, na upake praima siku hiyohiyo, ndani ya saa chache. Kwa pwani, asubuhi yenye umande au siku ya mvua usianze kabisa kupiga chuma ambacho hutaweza kukipaka rangi kabla ya jioni. Siku kama hizo piga kabureta na kava za alumini, ambazo zinaweza kungoja.